Mstari Usiozama wa Kitalu cha Tisa

Ofisini walimwita Mama Pacha, na nyumbani hivyo hivyo, ingawa mapacha wenyewe walikuwa wamekwisha kumpita kimo na sasa walikuwa wakiazima viatu vyake bila hodi. Kazi yake haikuwa rahisi kuieleza sebuleni. Mama mkwe wake, aliyehamia kwao tangu magoti yalipoanza kumsumbua, alikuwa na maelezo yake aliyowapa wageni wote.

"Huyu mkamwana wangu anauza bahari," alisema. "Si samaki, bahari yenyewe. Anaikata vipande kama keki, halafu inapigwa mnada."

"Siuzi mimi, mama. Mimi naangalia tu kipande kina nini ndani."

"Na ukiangalia unakiona?"

"Sikioni. Nakisikia."

"Haya, mmesikia wenyewe," mama mkwe aliwaambia wageni, akarudi kwenye chai yake kama mtu aliyeshinda kesi.

Lakini ndivyo ilivyokuwa hasa. Serikali ilikuwa imeigawa bahari ya mbali, ile ambayo maji yake yana kina cha zaidi ya kilomita moja, katika vitalu vyenye namba. Kila baada ya miaka michache ilitangaza zabuni, na kampuni zikashindana kupata leseni ya kutafuta gesi chini ya sakafu ya bahari. Kabla ya tangazo, watu wanne katika chumba kimoja cha ghorofa ya tatu walipaswa kusema kila kitalu kinastahili bei gani ya kuanzia, ili nchi isije ikatoa mali yake kwa bei ya kutupa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushuka huko chini. Walichokuwa nacho ni sauti. Meli ya utafiti hupita juu ya maji ikipiga mshindo. Mshindo unazama, unagonga tabaka moja la mawe baada ya jingine na kurudi, na vyombo vinapima umechukua muda gani njiani. Mirudio hiyo ikichorwa pamoja hutoa picha ya mistari iliyolaliana, kama kurasa za kitabu kinene ukikitazama ubavuni. Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kuisoma mistari hiyo.

Alikuwa ameisoma kwa miaka kumi na tisa. Baba yake aliendesha greda la kutengeneza barabara, na wakati wa likizo alimchukua binti yake kambini. Pale barabara ilipokata kilima, matabaka ya udongo yalibaki wazi ukutani: jekundu, jeupe, la kokoto, halafu jekundu tena. Baba alimkataza kukaa chini ya ukuta ule. Alikaa. Aliyahesabu matabaka mpaka akaitwa kula, na siku moja alimuuliza baba yake kwa nini jekundu limerudi mara ya pili. Baba alizima greda, akafikiri, akasema hajui, akaliwasha tena. Mama Pacha aliwahi kuwaambia mapacha kwamba hilo ndilo jibu lililompeleka chuo kikuu.

Aliyemfundisha kazi pale idarani alikuwa mtathmini mkuu, mzee mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwa la kuchoma, na jina lake la ofisini lilikuwa Mzee Hapana. Alipewa jina hilo kwa sababu ukimpelekea picha ya mahali unapodhani pana gesi, neno lake la kwanza lilikuwa hilo. Hakuwa mkali. Alilisema taratibu, kama daktari wa meno anayekuambia jino haliponi.

"Hapana ya kwanza ni ya bure," alimwambia Mama Pacha wiki yake ya kwanza kazini. "Hiyo kila mtu anapewa. Ukirudi mara ya pili ndipo nitajua kama unaamini unachosema."

Alimfundisha maswali manne. Je, kuna jiko, yaani mawe ya chini kabisa yaliyopika gesi? Je, kuna mchanga wa kuibeba? Je, kuna mtego, yaani kilima kilichozikwa, ambacho gesi ikipanda itanaswa kileleni badala ya kutorokea pembeni? Na je, kuna kifuniko, tabaka la matope magumu lisilopitisha kitu? Kila swali linapewa alama kati ya sifuri na moja, halafu alama zote nne zinazidishwa. Swali moja likipata alama ya chini, yote yanaanguka.

Alimfundisha pia kutumia jedwali. Jedwali hilo lilibandikwa ukutani kando ya swichi ya taa, karatasi kubwa iliyoandikwa kwa mkono wa Mzee Hapana mwenyewe zamani, pembe zake zimeshikwa kwa gundi ya karatasi iliyogeuka njano. Upande mmoja liliorodhesha sekunde, upande wa pili mita. Sauti ikichukua sekunde mbili kwenda na kurudi, tabaka lipo kina cha mita fulani. Ikichukua tatu, mita nyingine zaidi. Alikuwa amelitunga kutokana na visima vilivyochimbwa karibu na pwani, na lilikuwa halijakosea. Watathmini walilitazama kama watu wanavyotazama saa ya ukutani. Hakuna anayeiuliza saa imejuaje.

Na kulikuwa na desturi moja. Alama ya mtego ilitolewa na mtu mmoja aliyepewa kitalu. Mwingine yeyote akitaka kuibadilisha, aliruhusiwa, ila ilibidi atie sahihi yake kwenye fomu ya kitalu hicho, peke yake, kwenye mstari mmoja uliowekwa kwa ajili hiyo. Akipatia, hakuna anayekumbuka. Akikosea, fomu inabaki. Mara mbili ukikosea, hufukuzwi. Unahamishiwa chumba cha majalada huko chini kwenye ghorofa ya kwanza, na hutii tena mguu kwenye meza ya tathmini. Watu wawili walikuwa wameshuka hivyo. Mmoja alikuwa bado yuko huko, anapanga mafaili kwa rangi.

Mama Pacha alikuwa amekwisha kutia sahihi mara moja, miaka minane nyuma, kwenye kitalu cha nne. Aliona doa angavu kwenye picha, akaapa ni gesi, akapandisha alama. Kampuni ilinunua, ikachimba, ikakuta gesi kidogo mno, sawa na mapovu ya soda iliyokaa wazi. Gesi kidogo hung'aa sawa na gesi nyingi. Siku hizi hilo analijua hata akiwa usingizini. Siku hiyo hakulijua. Mchumi wa idara, mtu wa maneno mengi aliyekaa meza ya dirishani, hakuacha kumtania tangu hapo.

"Mama Pacha, leo unang'aa sana. Au na wewe ni kitalu cha nne?"

"Subiri nikuchimbe uone."

Hivyo ndivyo alivyokuwa Mama Pacha asubuhi ya Jumanne ile, siku mbili kabla ya kamati kusaini bei za zabuni mpya: mtu mwenye sahihi moja mbovu, mwenye kazi anayoipenda, na asiyetaka kupanga mafaili kwa rangi.

Kitalu cha tisa hakikuwa chake. Kilikuwa cha Mzee Hapana, na Mzee alikuwa amekwisha kukimaliza. Mtego alikuwa ameupa moja ya kumi. Kwa alama hiyo, nafasi ya kitalu kizima kuwa na gesi ya maana ilikuwa chini ya tano katika mia, na kwa hiyo kitalu kiliwekwa kapuni. Kapu lilikuwa jina la mafungu: vitalu dhaifu vilivyofungwa pamoja na kuuzwa kwa bei moja ndogo, maana hakuna ambaye angenunua kimoja kimoja. Cha nane, cha tisa na cha kumi vilikuwa kapu moja. Kampuni moja ilikwisha kuandika barua kuulizia kapu hilo, mapema, kwa adabu nyingi.

Mama Pacha alipewa kazi ndogo tu ya kitalu hicho, ramani ya sakafu ya bahari, ili wachimbaji wajue wapi kuna miteremko ya hatari. Alipaka rangi kwa penseli kama alivyozoea, kabla ya kuingiza chochote kwenye kompyuta. Katikati ya kitalu palikuwa na bonde kubwa lililokatwa kwenye sakafu ya bahari, pana kilomita sita, na maji yake yalizidi kina cha pembeni kwa mita mia nne. Akalipaka bluu nzito. Kisha, ili apate mteremko sawasawa, akafungua picha ya mistari ya mahali hapo.

Mistari ilikuwa imezama chini ya bonde. Hilo halikumshangaza. Ndani ya maji sauti hutembea polepole, ndani ya mawe hukimbia. Mahali penye maji mengi zaidi sauti huchelewa kurudi, na kila tabaka lililo chini ya mahali hapo huonekana limeshuka, hata kama limelala sawa kabisa. Ni kama godoro: mtu mnene akilala katikati, shuka zote zinafuata. Akahesabu mistari, tabia aliyotoka nayo kambini kwa baba yake. Wa kwanza umezama. Wa pili umezama. Wa tatu umenyooka. Wa nne umezama. Wa tano umezama.

Akaweka penseli mezani.

Wa tatu ulikuwa mgongo wa mchanga, tabaka lile ambalo Mzee Hapana aliliandikia, "limelala sawa, hakuna kilima, gesi itatorokea pembeni." Na chini yake, mstari wa nne uliozama, Mzee alikuwa ameuita bonde la kale lililojaa mchanga. Ilikuwa tafsiri nzuri, mtu yeyote angeikubali. Lakini wa tano nao umezama kiasi kile kile, na ukingo ule ule, na kingo hizo ziliangukia chini ya kingo za bonde la juu bila kupishana hata unene wa penseli. Hapakuwa na bonde la kale. Mistari yote ilikuwa imeshushwa na maji. Yote, isipokuwa mmoja. Na mstari ambao unabaki sawa wakati wenzake wote wanashushwa, maana yake ni moja tu: kwa kweli umeinuka.

Alipiga hesabu pembeni mwa karatasi. Akapata mita mia moja na sabini. Akairudia kwa njia nyingine, akapata mia na sitini na tano. Kilima cha mchanga, kipana, kimefunikwa na matope, na ukutani jedwali lilikuwa linasema hakipo, kwa sababu jedwali halikuwahi kuambiwa kutenganisha maji na mawe. Karibu na pwani, ambako maji ni kidogo na sakafu imenyooka, halikuwa na haja ya kuambiwa.

Hakupiga kelele. Alikwenda kunywa maji, akarudi, akahesabu tena mistari mitano, na mstari wa tatu ulikuwa bado umenyooka.

Mtu mwingine angeweza kusubiri Alhamisi akalipue jambo hilo mbele ya kamati. Mama Pacha hakumfikiria Mzee wake hivyo. Alikusanya karatasi zake, akavuka chumba, akasimama mbele ya meza yenye sweta la akiba kwenye kiti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeshaniamkia asubuhi. Unataka nini?"

"Kitalu cha tisa. Nadhani kina mtego."

"Hapana."

"Hiyo ya bure nimeipokea," alisema Mama Pacha, akavuta kiti.

Mzee Hapana alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa sweta, akaivaa. Mama Pacha akamwonyesha mistari, mmoja mmoja, kwa ncha ya penseli. Alipofika wa tano aliiacha penseli hapo. Alijua Mzee hapendi kumaliziwa sentensi.

"Jedwali linasema limelala sawa," Mzee alisema hatimaye.

"Ndiyo, Mzee."

"Jedwali hili halijanidanganya miaka ishirini na sita."

"Hata leo halidanganyi. Tumeliuliza habari za mahali ambapo halijafika."

"Unajua limetumika kwenye vitalu vingapi?"

"Najua."

"Na unajua fomu ina mstari mmoja? Na kwamba kosa lako la kwanza umekwisha kulitumia?"

"Hilo najua kuliko wote humu ndani."

Kutoka dirishani mchumi alikohoa. Alikuwa anajifanya anasoma barua.

"Niachie karatasi," alisema Mzee Hapana. Jioni alitoka bila kuaga, karatasi zikiwa kwapani.

Nyumbani, mumewe, ambaye ni fundi wa majokofu, alimkuta amekaa ngazi ya nyuma akimenya viazi kwa kisu kisichokata.

"Leo umemkasirikia nani? Maganda mazito hivyo."

Akamweleza. Mumewe alikuwa na kipaji cha kusikiliza mambo ya mashine na mawe bila kuyafanya ya kwake. Alichukua kisu kile, akakinoa kwenye kitako cha kikombe huku akiuliza.

"Una uhakika gesi ipo?"

"Hapana. Hakuna mwenye uhakika huo duniani. Nina uhakika kilima kipo."

"Ni vitu viwili?"

"Wewe ukiitwa kwenye friji, ukakuta mota nzima, unamwambia mteja kutakuwa na nyama ndani?"

Alicheka mpaka akakiacha kisu. "Sawa. Na hao wanunuzi wasipojitokeza kwa bei mpya?"

"Nashuka majalada."

"Mshahara?"

"Ule ule."

"Basi tatizo liko wapi?" Alisema hivyo kwa kumchokoza, maana alikuwa amemwona akirudi kutoka kazini miaka yote hiyo na penseli nywelini amesahau kuitoa. Kisha akaongeza, "Umehesabu mara ngapi?"

"Nne."

"Mimi nikipima waya mara mbili nafunga."

Mama mkwe, aliyekuwa ndani na masikio yake hayana tatizo la magoti, alipaza sauti. "Mwambie huyo bosi wake wa sweta, mimi nimekaa na mkamwana huyu miaka sita, na siku zote akiniambia mvua itanyesha naanua nguo!"

"Mama, ile naisikiliza redioni."

"Nyamaza. Nakutetea."

Alhamisi saa nne kamati ilikaa. Chumba cha mkutano kilikuwa na meza ndefu iliyochubuka katikati, feni iliyokuwa ikisukuma karatasi za kila mtu upande mmoja, na mawe manne ya sampuli yaliyowekwa kuzizuia. Mkurugenzi, mama mmoja mnyamavu aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana, aliendesha kikao. Vitalu vya mwanzo vilipita haraka. Walipofika kwenye kapu, Mama Pacha aliinua mkono.

"Naomba kitalu cha tisa kitolewe kapuni, kiuzwe peke yake. Napinga alama ya mtego."

Mchumi akageuka kabisa na kiti chake. "Mama yangu! Mara hii kinang'aa tena?"

"Hiki haking'ai hata kidogo. Ndiyo maana wote tumekipita."

Akasimama, akabandika picha ubaoni. Alikuwa si mzungumzaji, lakini siku hiyo maneno yalimjia kwa mpangilio, kwa sababu hayakuwa yake, yalikuwa ya mistari. Alieleza maji na mawe. Alieleza godoro. Mkurugenzi akauliza kwa nini lisiwe bonde la kale kama lilivyoandikwa. Akamwonyesha mstari wa tano. Mchumi akauliza kama bonde la juu limepimwa vizuri. Akampa ramani yake ya bluu.

Mzee Hapana ndiye aliyeuliza maswali magumu, na aliyauliza bila huruma. Kasi ya sauti kwenye matope laini ameichukua wapi? Akitumia kasi ndogo zaidi, kilima kinabaki mita ngapi? Alijibu: kwa kasi ndogo kabisa inayoingia akilini, mita tisini. Na mita tisini zinatosha mtego? Zinatosha, kwa upana ule. Na ukingo wa kusini, ambako picha ina ukungu, ana uhakika umefunga?

"Hapo sina," alisema Mama Pacha. "Ndiyo maana siombi alama ya tisa ya kumi. Naomba sita."

Kwenye meza ile, ubishi ulimalizwa kwa vikaratasi. Kila mmoja aliandika alama yake bila kumwonyesha mwenzake, akakunja, ili sauti ya mkubwa isizime ya mdogo, na alama iliyoandikwa na wengi zaidi ndiyo iliyopita. Mkurugenzi alivikusanya kwenye kifuniko cha kopo la majani ya chai, akavifungua. Chake kilikuwa nne. Cha mchumi, tano. Cha Mama Pacha, sita. Alipofungua cha mwisho alikitazama mbele na nyuma.

"Mzee, umeandika sita?"

"Nimeandika sita."

"Lakini uliandika moja mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita niliuliza ukuta. Juzi niliuliza kalamu. Nimehesabu mpaka mke wangu akanisogezea kitanda sebuleni." Alikunja mikono juu ya sweta. "Kilima kipo. Na fomu nitasaini mimi. Kitalu ni changu, jedwali ni langu. Umri wangu huu, majalada hayatanipunguzia kitu."

Feni ilizungusha vikaratasi. Mama Pacha aliona kwamba Mzee anamaanisha, na aliona pia kwamba ilikuwa rahisi mno kukubali.

"Hapana, Mzee," alisema.

Mchumi alivunjika mbavu, akalaza kichwa mezani kabisa, na hata mkurugenzi aliangalia dirishani ili asionekane. Mzee Hapana hakucheka. Alimsukumia Mama Pacha fomu, polepole, kwa kidole kimoja. Akatia sahihi. Alikuwa na mwandiko mdogo wa kubana, lakini sahihi ile ilitoka kubwa, ikagusa mstari wa chini.

Kwa alama ya sita, nafasi ya kitalu cha tisa ikapanda kutoka chini ya tano mpaka karibu ishirini na saba katika mia. Kikatolewa kapuni, kikapewa bei yake ya kuanzia, mara nne ya bei ya kapu zima. Siku ya pili baada ya bei kutangazwa, ile kampuni ya adabu ikaandika tena kulalamika. Ilisema kapu lilivutia zaidi likiwa zima.

"Kwa nini walitake zima kama vyote ni dhaifu?" mkurugenzi aliuliza, akiirudia barua mara mbili. Mama Pacha alijua jibu, lakini barua si ushahidi. Ushahidi ungekuwa bahasha za zabuni.

Miezi mitatu ilipita, na kila wiki mchumi alipata njia mpya ya kumuuliza kama anapenda mafaili ya kijani au ya buluu. Alimjibu kila mara. Ajabu ni kwamba hakukosa usingizi, wala hakupitia tena hesabu zake. Mara moja tu, akiwa kwenye foleni ya benki, alijiuliza itakuwaje kama hata mmoja hatajitokeza. Halafu akaukumbuka mstari wa tatu ulivyonyooka, na foleni ikasogea.

Siku ya kufungua zabuni ukumbi ulijaa watu wa suti. Sanduku la kioo lilikuwa mbele, bahasha zikionekana ndani lakini majina hayasomeki. Katibu alizitoa kwa mpangilio wa namba na kusoma kwa sauti isiyo na hisia, kama anayeita wagonjwa. Mama Pacha alikaa safu ya nyuma kabisa, kati ya Mzee Hapana na nguzo.

"Kitalu cha nane. Hakuna maombi."

Mchumi, safu ya mbele, aligeuza shingo.

"Kitalu cha tisa." Katibu akaingiza mkono sandukuni. Akatoa bahasha. Akaingiza tena. "Maombi matatu."

Alizifungua. Ya kwanza ilikuwa juu kidogo ya bei ya kuanzia. Ya pili ilikuwa juu zaidi. Ya tatu, iliyoshinda zote kwa mbali, ilitoka kwa kampuni ile ile iliyolilia kapu.

"Kitalu cha kumi. Hakuna maombi."

Kwa sekunde kadhaa Mama Pacha hakuona kitu mbele yake ila mgongo wa koti la mtu. Kwa hiyo walikuwa wameuona. Kampuni tatu, kila moja na wataalamu wake na kompyuta zake, zilikuwa zimeuona mstari wa tatu, na moja yao ilikuwa imetaka kuununua kimya kimya kwa bei ya takataka.

Mlangoni mwandishi mmoja wa habari alimkaba. "Mama, tuambie wananchi, gesi ipo au haipo?"

"Ishirini na saba katika mia."

"Kwa hiyo haipo?"

"Sikusema hivyo."

"Kwa hiyo ipo!"

"Andika ishirini na saba," alisema Mama Pacha. "Wakichimba utakuja kuniuliza tena."

Walirudi ofisini kwa miguu, yeye na Mzee Hapana, wakipita upande wa kivuli. Mzee hakumpongeza. Alitembea akiwa amefunga mikono nyuma, na walipofika kwenye ngazi za jengo alisimama kama anayepumzisha goti.

"Kuna vitalu vitatu vya bahari ya mbali tulivyouza zamani kwa jedwali lile," alisema.

"Nimevitazama."

"Lini?"

"Wiki ile ile. Viwili sakafu yake imenyooka, Mzee. Havina neno."

"Na cha tatu?"

"Kina bonde."

Mzee alitazama ngazi, moja moja, mpaka juu. Watu walipita kati yao na mafaili.

"Wameshachimba?"

"Bado. Leseni yao inaisha mwaka kesho. Wasipochimba kinarudi serikalini."

"Kitalu cha kumi na mbili, siyo? Kile cha kaskazini." Alishika ukuta wa ngazi, akaanza kupanda. "Basi usikae hapo. Nenda majalada ukachukue picha zake, mwambie jamaa wa chini faili liko kwenye rangi yoyote anayoijua yeye. Tukae mchana huu."

Mama Pacha alipinda kushoto, kwenye korido ya ghorofa ya kwanza, akasukuma mlango wa majalada kwa bega.

"Hodi," alisema. "Nimekuja kuazima tu."